Saa ya Mbele, Saa ya Nyuma

Nataka ieleweke tangu mwanzo kwamba mimi si mtu wa kuchelewa. Kiwandani kwetu Teague, tunakopasua mbao, msumeno ukianza kuzunguka saa moja asubuhi hauniulizi nimelalaje, na kwa miaka kumi na minne haujawahi kuanza bila mimi. Kwa hiyo barua ya mahakama iliponifikia, ikidai kwamba mimi, Lowell Goodin, nimechelewa saa nzima katika kila makabidhiano ya mtoto kwa mwaka mzima, nilisimama pale kwenye sanduku la barua nikacheka. Halafu nikafungua ukurasa wa pili, kicheko kikanikauka. Tressa, mke wangu wa zamani, alikuwa anamwomba jaji aniondolee nusu yangu.

Nusu yangu ni Jolee. Ana miaka kumi, ana pengo la jino upande wa kushoto, na anaweza kusema bila kunyamaza kutoka kwangu mpaka shuleni, dakika arobaini. Wiki moja analala kwangu, wiki inayofuata analala kwa mama yake. Hapa Kentucky sheria ilibadilika: siku hizi wazazi wakiachana, jaji anaanza kwa kuamini kwamba mtoto anafaidika akipata muda sawa na kila mmoja wao, na anayepinga ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Kaka yangu Garnett aliachana kabla ya sheria hiyo. Yeye alipewa Jumamosi na Jumapili mbili kwa mwezi, basi. Leo mwanawe ni kijana mwenye ndevu, na akimpigia simu anamwita Garnett. Hamwiti baba. Niliapa hilo halitanipata.

Sasa hiyo saa nzima niliyodaiwa kuiba. Mimi naishi Kaunti ya Teague na Tressa anaishi Kaunti ya Maupin, na kati yetu unapita mstari wa saa. Ukiuvuka kwenda kwao, saa inaruka mbele. Ukirudi kwetu, inarudi nyuma. Ikiwa kwangu ni kumi na moja, kwake ni kumi na mbili. Tumezaliwa na jambo hili. Kwao tunakuita saa ya mbele, kwetu saa ya nyuma, na hakuna mtu wa huku anayepanga jambo lolote, awe anakwenda kung'oa jino au kubatizwa, bila kuuliza kwanza: "Saa yako au yangu?" Hata tangazo la msiba huandikwa saa zote mbili, maana kuna watu waliwahi kufika makaburini wakakuta udongo umeshafukiwa.

Lakini amri ya jaji ilisema hivi: Jumapili, saa kumi na mbili jioni, dukani kwa Velda. Mawakili wawili, karani na jaji, wote wazaliwa wa huku huku, wakatia saini bila hata mmoja kuandika saa ya nani.

Mtu ataniuliza kwa nini sikumuuliza Tressa. Kwa nini nimuulize mimi? Yeye alikuwa na mdomo. Tulikuwa tumeshafikia mahali pa kuwasiliana kwa maandishi tu, kwenye programu ya simu ambayo mawakili wanaweza kuisoma, na neno lolote ukiliandika mle linakuwa kama umelichonga kwenye jiwe. Kuuliza "saa yako au yangu?" kungekuwa ni kukiri kwamba huenda ikawa yake. Mimi naishi Teague. Saa yangu ni ya Teague. Nilifika saa kumi na mbili kamili ya Teague kila Jumapili, na kila Jumapili nilimkuta Tressa kwenye gari lake jekundu, amekunja uso, kama mtu aliyefika tangu jana.

Tressa anaendesha basi la shule. Huyo ni mtu ambaye mtoto akichelewa sekunde kumi na tano anafunga mlango na kuondoka, hata kama mama wa mtoto anakimbia nyuma na viatu mkononi. Kumngojesha saa nzima, Jumapili baada ya Jumapili, si jambo dogo. Nilijua. Siwezi kusema sikujua, na siwezi kusema halikunifurahisha kidogo.

Duka la Velda liko juu ya mstari wenyewe. Ana pampu mbili za mafuta, jiko la kukaangia, na saa mbili ukutani, moja ya mbele na moja ya nyuma. Velda ni mama wa miaka sabini asiyejua kunong'ona. Mara ya nne au ya tano aliniita pembeni.

"Lowell, mwanangu, wewe na yule mna akili timamu kweli?"

"Nimefanya nini tena?"

"Mwenzio amesimama hapo nje tangu viazi vikiwa vibichi. Kila wiki! Muulize, saa ya nani?"

"Anajua ninapoishi."

"Na wewe hujui anapoishi?"

"Velda, nipe viazi niende."

"Viazi nitakupa. Akili sina ya kuuza."

Zile Jumapili zangu, yaani zile ambazo Jolee alikuwa kwangu na nampeleka kwa mama yake, sikutaka mtu aseme nimechelewa hata dakika moja. Kwa hiyo tulikuwa tunatoka mapema, tunaingia kwa Velda kwa mlango wa nyuma kuchukua viazi vya kukaanga na soda, halafu tunapanda mpaka kwenye maegesho ya kanisa, kilimani, mita mia tatu hivi kutoka dukani. Tunakaa ndani ya pikapu tunangoja saa yangu itimie. Nitasema ukweli, niliipenda ile saa moja kuliko zote za wiki. Jolee amekunja miguu kitini, redio chini chini, tunakula kwenye mfuko mmoja. Alikuwa mkimya pale kuliko kawaida yake, nami nikadhani anasikitika kuniacha. Gari jekundu la Tressa lilionekana pale chini. Mimi sikuwa nalitazama.

Na Jumapili zake ilikuwa hivyo hivyo kwa upande mwingine: Tressa alimleta Jolee saa kumi na mbili yake, wakakaa ndani ya gari mpaka mimi nilipofika saa kumi na mbili yangu. Hakuondoka naye hata siku moja. Wakili wake alimwambia angoje na aandike. Akangoja, akaandika.

Siku ya kesi nilivaa koti la mazishi, maana ndilo pekee nililonalo. Mahakama iko Maupin. Nilifika saa tatu kasorobo, nikapata kiti cha mbele. Wakili wangu aliniambia nisiwe na wasiwasi: nusu kwa nusu haiangushwi kirahisi. Lakini aliongeza kwamba jaji akiamini nimeidharau amri yake kwa makusudi mwaka mzima, hapo mambo yanaweza kuharibika. Nilimfikiria Garnett na simu zake.

Wakili wa Tressa, mzee mwembamba mwenye tai fupi, aliniita mbele.

"Bwana Goodin, kesi ya leo ilipangwa saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Wito ulisema ni saa tatu ya nani?"

Nilitazama ile karatasi mkononi mwake. "Haukusema."

"Na wewe umefika saa ngapi?"

"Saa tatu kasorobo."

"Kwa saa ya nani, Bwana Goodin?"

Nyuma yangu mtu mmoja aliguna, na nadhani alikuwa Velda, aliyeitwa kuwa shahidi.

"Kwa saa ya Maupin," alinijibia mwenyewe. "Kumbe unaijua. Kumbe ukiitwa na jaji hukosei, unakosea ukiitwa na mama wa mtoto wako."

Nilitaka kusema kwamba mahakama iko Maupin, na mahakama ni ya Maupin, lakini hata mimi niliisikia jinsi ingesikika.

Wakili wangu naye hakulala. Alimwita Tressa mbele.

"Bi Tressa, baada ya Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu, ulijua kwamba Lowell anatumia saa ya Teague?"

"Nilijua."

"Kwa nini basi siku za kumpeleka mtoto hukuja kwa saa hiyo, badala ya kumkalisha garini saa nzima?"

"Kwa sababu amri inasema saa kumi na mbili."

"Ya nani?"

Tressa alikaza taya. Naijua ile taya, nimeishi nayo miaka tisa. "Ya watu wenye kuheshimu watu," alisema.

Baadhi ya waliokaa nyuma walicheka. Jaji Renfro hakucheka. Ni mama mnene mwenye miwani ya kamba, na muda wote alikuwa anaandika tarakimu kwenye kijikaratasi. Alikiinua.

"Nimepiga hesabu," alisema. "Mtoto akiwa kwa baba, makabidhiano yalichelewa saa moja, kwa hiyo baba akapata saa moja ya ziada. Mtoto akiwa kwa mama, makabidhiano yalichelewa saa moja ile ile, mama akapata saa moja ya ziada. Wiki hamsini na mbili. Mara ishirini na sita kila mmoja." Alivua miwani. "Mmeniletea mafaili mawili, mashahidi na mzee wa watu mwenye tai, kwa jambo ambalo limetoka sawasawa mpaka dakika ya mwisho. Hakuna aliyeibiwa hata sekunde. Mnanielewa?"

Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Sawasawa! Nilimgeukia Tressa nione uso wake. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Bi Estep, wakili aliyewekwa na mahakama kumsemea Jolee, ambaye alikuwa amesimama.

"Mheshimiwa Jaji," alisema Bi Estep, "kabla hujaamua, kuna aliyeibiwa."

Ni mwanamke kijana, sauti yake ndogo, na alisoma kutoka daftarini bila kumtazama mtu. Alisema ameongea na Jolee mara tatu. Alisema Jolee hakutaka kabisa kusema anapenda kukaa na nani, na akiulizwa anabadilisha mazungumzo. Ila alimweleza kuhusu kilimani.

"Anasema wakiwa pale kanisani na baba yake, anaweza kumwona mama yake dukani. Huwa anahesabu mama anashuka garini mara ngapi. Anasema kawaida ni mara sita, na wakati wa baridi mara tatu, kwa sababu ya upepo. Anasema anakula viazi haraka ili mdomo uwe umejaa, baba asimwulize kitu."

Aligeuza ukurasa.

"Na wiki za mama, wakiwa wanamngoja baba, mama hutoa simu na kuandika malalamiko, huku akiyasoma kwa sauti ndogo. Jolee hujifanya amelala. Anasema amekuwa hodari sana wa kujifanya amelala."

Bi Estep alikaa. Nilikuwa natazama viatu vyangu. Ile saa niliyoipenda kuliko zote za wiki, mwanangu alikuwa anaivumilia kwa kutafuna.

Jaji Renfro alitoa uamuzi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuliko ya mtu aliyekasirika. Alisema sheria inamtaka aanze na muda sawa, na kuiangusha kunahitaji ushahidi kwamba mtoto ataumia kwa mmoja wetu. "Hapa ushahidi nilionao ni kwamba anaumia kwenu nyote wawili, tena kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo sina nusu ya kumpa mtu mwingine. Wiki kwa wiki itaendelea. Saa kumi na mbili jioni, saa ya mbele, na sasa nimeandika. Kuhusu mengine, Bwana Goodin, Bi Tressa, mimi ni jaji tu. Siwezi kuwaamrisha muwe na haya."

Nilikuwa nimeshinda. Wakili wangu alinipa mkono, akaniambia hongera, na mimi nikasema asante. Saa ya mbele nilikuwa tayari kuimeza. Muhimu nusu ilikuwa yangu bado. Nilikuwa nayarudia maneno hayo kichwani nikielekea mlangoni, na hayakukaa.

Ukumbini Tressa alikuwa amesimama kwenye mashine ya kahawa na kikombe mkononi, hanywi. Tulikuwa hatujasemezana kwa mdomo tangu kuachana.

"Ungeniuliza tu," nilimwambia. "Neno moja. Saa yako au yangu."

"Na wewe ungeniuliza."

"Ungeniandikia."

"Lowell." Alisema jina langu taratibu, kama anavyoongea na watoto wa basini wakizidisha kelele. "Nilikuwa naliona gari lako. Pale kanisani. Unadhani pikapu yenye mlango mmoja wa kijani na mwingine mweupe haionekani? Kila Jumapili yako nilikuwa nakuoneni mpo pale, mmekaa, na mimi nimesimama."

"Basi kwa nini hukupanda?"

"Nipande niseme nini? Kwamba naomba mtoto wangu?"

Alitupa kikombe kikiwa kimejaa, akaondoka.

Jumapili ya kwanza baada ya amri mpya Jolee alikuwa kwangu. Tulikula mchana maharage na mkate wa mahindi, tukakunja nguo zake, tukaondoka mapema, kwa saa ya mbele. Nilijaribu kumfanya aongee. Nilimwuliza habari ya mwalimu mpya wa muziki, nikamwuliza kuhusu paka wa jirani. Alijibu "ndiyo" na "sijui". Tulipita kanisani bila kukata kona, na nilimwona akilitazama lile maegesho mpaka lilipobaki nyuma.

"Leo hatungoji," nilimwambia. "Umeona? Mambo yamekwisha."

"Nimeona."

Tulisimama kwa Velda. Saa ya mbele ukutani, niliiona kupitia kioo cha dirisha, ilikuwa kumi na mbili kamili. Tressa hakuwepo. Nilitazama barabara ya Maupin, tupu. Na mkono wangu, Mungu anisamehe, ulikwenda wenyewe mfukoni ukatoa simu, nikaipiga picha ile saa ya ukutani.

Jolee aliniona. Alivuta begi lake kutoka nyuma ya kiti, akafungua mlango.

"Unakwenda wapi? Mama yako hajafika."

"Wiki yako imekwisha, Baba. Saa kumi na mbili imefika."

"Jolee, kaa ndani, baridi hiyo."

"Wiki ya mama haijaanza, mpaka afike," alisema. Hakuwa amekasirika. Alisema kama anayenieleza namna ya kugawanya namba shuleni. "Kwa hiyo dakika hizi ni zangu."

Akashuka. Alivuka mbele ya pikapu yangu, akaenda kukaa kwenye benchi karibu na friji ya barafu, begi miguuni. Nilifungua mlango wangu na kuweka mguu mmoja chini.

"Usije," alisema kutoka kule. "Tafadhali."

Nikarudisha mguu. Velda alitoka, akamtazama, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakusema kitu. Alirudi ndani. Jolee hakuwa anafanya chochote. Hakutoa simu, hakusoma. Alikuwa anachezesha miguu na kutazama pampu za mafuta, na baada ya muda nikasikia anaimba, sauti ndogo, wimbo ambao siujui.

Tressa alifika dakika kumi na moja baadaye, trekta lilikuwa limemzuia njiani. Alishuka haraka, akitaka kuniambia, nadhani, kabla sijaandika. Kisha akamwona mtoto peke yake kwenye benchi.

"Jolee, twende, mpenzi."

"Bado kidogo," alisema Jolee.

Tressa alisimama na mkono kwenye mlango wa gari. Alinitazama kupitia kioo changu, na mimi nikamtazama. Nilizima injini. Yeye akarudi kukaa kwenye kiti chake, akaacha mlango wazi. Tukakaa hivyo, kila mmoja ndani ya gari lake, na mtoto kati yetu akiendelea na wimbo wake. Hakuna aliyepiga honi.